Pilipili Manga ya Bibi Nhạn Inaoza Miguu

Tangu masika yaanze, benchi la kahawa la Mama Thơm, nje kidogo ya mji wa Chư Sê, halikuwa na habari nyingine ila pilipili manga. Asubuhi hiyo Bibi Nhạn hakusalimia mtu. Alitupa mezani tawi alilolikata shambani: majani meusi kama yamebabuliwa na moto, shina limeoza pale linapoingia ardhini, linanuka. Nguzo tatu, kila moja na mpilipili wake unaoitambaa, zilikuwa zimekwisha kufa hivyo ndani ya wiki. Zilibaki mia sita, na wingu la mvua lilikwisha kukaa juu ya kilima.

— Pole, bibi, alisema Bảy, wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Ni ule mnara wa simu.

— Mnara umekula mizizi?

— Unachemsha udongo kwa chini. Mficha maradhi kifo humuumbua!

— Wewe ungefichwa kwanza.

Lực, ambaye benchini huitwa Sumu, aligonga meza.

— Dawa, bibi, mara tatu ya kipimo. Mimi niliimwaga. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na mipilipili yako iko wapi?

— Ilikufa. Lakini ugonjwa nao ulikufa!

Mzee Khiêm, Hakimu wao, alikohoa kwanza.

— Tuling'oa kahawa, tukapanda pilipili mahali pale pale. Mizizi ya kahawa ina kinyongo. Inaikaba ya pilipili huko chini. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mzee, mizizi haivai nguo.

Hapo akafika Thoa, mke wa mjukuu wa Bibi, aliyeolewa juzi kutoka mabondeni kwenye mpunga. Alileta koti la mvua.

— Bibi, nimepita shambani. Kila nguzo imezungushiwa ukingo wa udongo, maji yametuama, vyura wanaogelea. Kwani pilipili nayo hukaa majini kama mpunga?

— Hayo ni mabeseni ya kunyweshea wakati wa kiangazi, binti, alisema Redio. Kahawa ndivyo hufanyiwa.

— Sasa si masika? Mbona hamjayabomoa?

Sumu aliwasha sigara. Hakimu akatazama barabara.

Bibi Nhạn alikumbuka Jumatatu: alipiga magoti akaziba nyufa za kingo zile moja moja, akafurahi jinsi zilivyoshika maji. Miaka thelathini ya kahawa ilikuwa mikononi mwake.

— Chukueni majembe, alisema. Maji tuyatoe mtaroni, yasipitie kwenye mipilipili mizima. Ile mitatu iliyokufa ing'olewe na mizizi yake, ichomwe.

— Kahawa yako haijamaliza kudondoka kwenye chujio, bibi.

— Kunywa wewe, Redio. Kisha njoo.

Ukingo wa kwanza ulipovunjika, maji yalitoka meusi. Mvua iliposhuka walikuwa safu ya tisa kati ya thelathini. Bibi hakuinua kichwa. Akaingia ya kumi.