Mahindi Mawili ya Saburi

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Kisarawe, benchi moja na jiko la kahawa la Kitwana, na nasema wazi: hapa jambo haliji zima likaondoka zima. Juzi Saburi alipita na mahindi mawili makavu, punje zote zimesinyaa kama vidole vya mfua nguo. Ni mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake, na panya wamebakiza hayo tu. Alikuwa anampelekea Raudha, bibi shamba. Raudha alishamweleza kwamba kuna jeni imeharibika, ila haijulikani kama ni ileile kwa yote mawili. Atayapanda, ayachavushe hili kwa lile. Punje zitakazozaliwa zikinenepa, basi kila moja lina kasoro yake na limeziba ya mwenzake, na mbegu ya mama imepona.

Tatizo, alikaa kunywa kahawa.

Mwishehe, tunayemwita Mahakama kwa kupenda kutoa hukumu, akasema jeni gani, huo ni moshi wa viwanda vya Kibaha. Kitwana akauliza, moshi utoke huko kote kumtafuta Saburi peke yake? Yeye aliona ni mnara wa simu, mahindi hayapati usingizi.

— Bila kuonja tutabishana mpaka kesho, akasema Mahakama. Punje mojamoja tu, tulinganishe.

Zikakaangwa juu ya mkaa. Wallahi, zilikuwa tamu. Mimi nikasema hindi la kulia limezidi, Kitwana akasema la kushoto, ikabidi turudie. Saburi alikataa kwanza, lakini tulipomsifia mama yake akalegea, akapukuchua mwenyewe. Kashata hazikuguswa siku hiyo.

Mara Raudha huyo.

— Shikamoo, mzee Saburi. Mahindi yako wapi?

— Marahaba, mwanangu.

Akainua magunzi mawili matupu.

— Mama alinikabidhi mimi, akasema.

Niliona aibu mpaka masikioni. Mahakama akaacha kutafuna, akaingiza mkono mfukoni, akatoa punje mbili zisizokaangwa alizokuwa amezificha za kwenda nazo nyumbani. Saburi akashusha pumzi.

Raudha akasogea.

— Alhamdulillahi. Zimetoka hindi moja, au kila moja na lake?

Tukainamia kiganja cha Mahakama, watu wazima na ndevu zetu. Zilikuwa zimesinyaa sawasawa, na hakuna aliyejua.