Saa Mia Nne na Kumi na Mbili

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kusoma historia hii, na nitaisoma yote, hata pale itakaponiumbua.

Kaka yetu, mliyemwita Nati kwa kuwa akishakaza jambo halilegei, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika nyumba hii hii, kifungua mimba wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi 1985 na sekondari 1989, na tarehe 8 Januari 1990 tuliingia pamoja uanagenzi katika karakana ya pampu, siku nne kazini, Alhamisi darasani chuoni.

Alhamisi hizo, jamani, mimi nilikuwa uwanjani nacheza mpira, na kaka, kwa kunihurumia, alisaini rejista ya mahudhurio mara mbili, mstari wake na mstari wangu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1996, baada ya uchumba wa miezi kumi na minne, ambao shemeji anasema ulikuwa wa kusikiliza habari za pampu tu, wakajaliwa mabinti wawili, hawa hapa mbele.

Mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba saa za darasani za wanagenzi wa zamani zitahesabiwa, na mwenye nazo ataanzia mwaka wa pili wa stashahada ya miaka mitatu, kaka akafurahi kupita kiasi, maana alitamani kufundisha, na bila stashahada haiwezekani, akapeleka saa zake 412. Karani akakuta mistari miwili, mwandiko mmoja, kaka akaulizwa nani alimsainia nani, akakataa kusema, saa zake zikafutwa zote. Alijua akisema nitavuliwa usimamizi wa karakana, nilioupata kwa cheti cha uanagenzi kilichotokana na rejista hiyo hiyo. Nami nilijua, nikanyamaza, mwoga mkubwa mimi.

Januari 2020 alianza mwaka wa kwanza, na miaka yake 48, akikaa dawati moja na vijana wa umri wa binti zake. Figo zilianza kumsumbua Januari 2022, mwaka ambao angekuwa tayari anafundisha, akafariki tarehe 2 Juni, wodi namba nne, akibakiza muhula mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, wenzetu wa karakana, na wewe mkuu wa chuo uliyekuja. Mkuu, rejista ile, mstari wa kumi na moja ni wake, kila Alhamisi alikuwepo, wa kumi na mbili ni uongo wangu, ufute huo.

Saa zako ni zako, kaka. Nimechelewa kusema. Pumzika kwa amani.