Mkono Chini ya Bwawa

FUNDI BOMBA: Haloo? Nani mwenzangu?

BABA PACHA: Fundi, ni mimi. Baba Pacha. Wa lile bwawa la kuogelea linalovuja.

FUNDI BOMBA: Aaa, mhandisi wa mtandaoni! Si ulinifukuza juzi, ukasema kazi ya bomba ni gundi na akili? Kipi kimekuishia, gundi au—

BABA PACHA: Nina kaswali kadogo. Tuseme mtu... tuseme tu, ametoa kile kifuniko cha tundu la kunyonyea maji, chini ya bwawa. Akaingiza mkono kidogo, ahisi kama pampu inavuta.

FUNDI BOMBA: Mtu gani?

BABA PACHA: Mtu tu.

FUNDI BOMBA: Na inavuta?

BABA PACHA: Inavuta, fundi.

FUNDI BOMBA: Toa mkono.

BABA PACHA: Hautoki.

(mtandao unakwaruza)

FUNDI BOMBA: Haloo? Haloo! Umeingia mpaka wapi?

BABA PACHA: Kiwikoni. Mkono huu mwingine umeshika simu, nilikuwa natazama video ya ufundi. Yule wa kwenye video wake ulitoka—

FUNDI BOMBA: Usivute! Utajichuna mpaka mfupa. Koki ya tundu la pembeni iko wazi?

BABA PACHA: Niliifunga. Pampu ilikuwa inameza hewa, nikaona—

FUNDI BOMBA: Kwa hiyo pampu nzima inanyonya tundu moja, na wewe ndiye kizibo! Maji yako wapi?

BABA PACHA: Kwa aliyesimama, magotini. Mimi nimelala ubavu.

FUNDI BOMBA: Hayapandi lakini?

BABA PACHA: ...Nilifungulia mpira wa kujazia.

FUNDI BOMBA: Mungu wangu. Sikiliza. Chumba cha pampu—

BABA PACHA: Nimekifunga. Funguo ziko kwenye suruali. Sikutaka watu waone nilivyofumua—

FUNDI BOMBA: Swichi kubwa ya nyumba?

BABA PACHA: Jikoni, nyuma ya mlango.

FUNDI BOMBA: Nani yuko jikoni?

BABA PACHA: Hapo ndipo pagumu, fundi.

FUNDI BOMBA: Baba Pacha! Nani yuko jikoni?

BABA PACHA: Mama mkwe.

FUNDI BOMBA: Si umwite!

BABA PACHA: Fundi... suruali iko ukingoni.

FUNDI BOMBA: Ndiyo, ina fung— ala!

BABA PACHA: Nimebaki na chupi. Tena ile ya siku za kazi. Mama wa watu hata kunitazama usoni hanitazami. Njoo wewe, tafadhali.

FUNDI BOMBA: Niko juu ya paa la watu, ng'ambo ya mji! Nikifika hapo— (simu inakatika) —maji yako wapi sasa?

BABA PACHA: Sikioni. Nimeinua shingo.

FUNDI BOMBA: Asiyesikia la mkuu—

BABA PACHA: Fundi, naogopa.

FUNDI BOMBA: ...Najua, ndugu yangu. Hata mimi. Lakini mficha uchi hazai, na wewe pacha unao tayari. Piga kelele!

BABA PACHA: Mama! ...Hasikii. Kafungulia redio.

FUNDI BOMBA: Kama ulivyonifokea juzi!

BABA PACHA: MAMAAA! SWICHI! Zima swi— kh— kh—

FUNDI BOMBA: Baba Pacha?

(maji yanabubujika)

FUNDI BOMBA: Haloo! Kaka, sema neno. Nitukane basi!

(redio inakatika ghafla, nyayo zinakimbia)

FUNDI BOMBA: Haloo?

MAMA MKWE: Wewe ndiye fundi?

FUNDI BOMBA: Shikamoo, mama. Je, yu—

MAMA MKWE: Marahaba. Nimekuta mkono mmoja juu ya maji, umeshika simu. Mtu simwoni.

FUNDI BOMBA: Mama!

MAMA MKWE: Nimemtoa. Anakohoa. Mkono umevimba, una rangi ya biringanya.

FUNDI BOMBA: Hospitali, mama, sasa hivi!

MAMA MKWE: Gari la jirani limeshawashwa, linatungoja. Yeye ndiye hataki kusimama. Anasema nigeuke kwanza.

FUNDI BOMBA: Na... umegeuka?

MAMA MKWE: Nimemtupia kitambaa cha meza. Baba Pacha, inuka, baba, nimelea wanaume wanne mimi! Fundi, simu yake inalia, chaji inaisha. Njoo na vyombo vyako. Ile swichi naikalia mwenyewe, hakuna atakayeigu—