Futi ya Somoe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa nyuma hamjaitika, na leo nina haja nanyi hasa. Bwana asifiwe!

Mnanifahamu. Mimi ni Mama Neema, mzaliwa wa Chilangala kule Newala, mwalimu wa baiolojia hapa Masasi, yule anayeandika makala kwenye jarida la usharika ambazo mchungaji hunisihi nizifupishe. Miaka ishirini nimechora seli ubaoni. Nimefundisha kwamba uvimbe usiouma usipuuzwe. Wanafunzi wangu walijibu swali hilo vizuri. Aliyefeli ni mimi.

Niliugusa nikioga, titi la kushoto, mgumu kama korosho iliyokauka juani. Nikasema ni jipu. Mwezi uliofuata nikasema ni umri. Ndugu zangu, msomi akiamua kujidanganya hafanyi kazi ya ovyo, maana anazo hoja! Msimu wa korosho ulipoanza nikasema ngoja tuokote kwanza. Ulipoisha nikasema ngoja Pasaka ipite. Miezi minane. Na niliomba kila siku! Niliomba Mungu auondoe kimyakimya, Baba Neema asijue, kwaya isijue, hospitali isihusishwe. Nilimpa Mwenyezi masharti kama mwenye nyumba anayempa mpangaji.

Jibu lilikuja kupitia Somoe. Somoe ni fundi cherehani pale sokoni, Mwislamu, Mmakua, na mtani wangu tangu tukiwa wasichana. Mnajua utani wetu: akikutukana unacheka, ukinuna wewe ndiye mkosaji. Nilikwenda kupimwa sare ya kwaya. Akazungusha futi kifuani, akavuta, nikaruka.

“We Mmakonde, umeficha nini humu? Kwenu Newala kwa shida ya maji mlizoea kuyaficha, sasa mnaficha na mawe?”

“Pima nguo, Mmakua. Ya wenzio yaache.”

Akaweka kiganja. Akakiacha pale. Kisha akanyamaza.

Ndugu zangu, sijawahi kumwona Somoe akinyamaza, hata msibani. Msibani ndiko mtani huropoka kabisa! Ukimya ule ulinitisha kuliko uvimbe wenyewe. Akafunika cherehani yake mchana kweupe, akasema taratibu, “Mama Neema, kesho asubuhi nakupitia twende hospitali.”

Hakuwahi kuniita Mama Neema.

“Kesho nina vipindi.”

“Basi nakuja darasani. Nitawaambia wanafunzi wako nimeshika nini.”

Angekuja. Na kwa utani wetu, hata kununa nisingeruhusiwa.

Ilikuwa saratani. Daktari alisema tumechelewa, ila bado tumewahi kidogo. Tangu siku ile naishi ndani ya hicho kidogo. Nilitolewa titi lote, nikatundikiwa dawa, nywele zikaondoka. Baba Neema alilia jikoni akidhani simsikii. Hakuwa analilia titi. Alikuwa analilia ile miezi minane niliyolala kando yake nikiwa na siri.

Mngedhani nimejifunza. Hapana! Nikaanza kuficha upya. Nilijaza pamba, lakini pamba ni nyepesi, ikawa inapanda kuelekea begani kila nikiinua mikono kuandika ubaoni. Somoe akanishonea kimfuko, akakijaza choroko kiwe na uzito. Kilikaa vizuri mno. Watu wakasema Mwalimu amerudi kama zamani, nami nikapokea sifa hizo bila haya.

Kosa lilikuwa kukifua na choroko zake ndani. Ilikuwa masika, hakikukauka, nami nikakivaa hivyohivyo siku mbili. Jumapili tukiwa tumesimama mbele hapa tukiimba, Mama Upendo wa sauti ya pili akaninong'oneza, “Mwalimu, una kitu kinakutoka kwenye kola.”

Nikashika. Kilikuwa kichipukizi. Vingine vilikuwa vimetoboa mshono, vinafuata mwanga. Mbegu huhitaji maji, hewa na joto ili ziote. Somo hilo nalifundisha mimi!

Nikacheka mpaka wimbo ukakatika. Nikashindwa kusimama, nikakaa chini, nikawaeleza kina mama wote: titi halipo, hizi ni choroko. Ndugu zangu, daktari alinitoa uvimbe, lakini siku ile Bwana alinitoa mafichoni! Wakacheka pamoja nami, wengine wakalia. Mama Upendo hakucheka. Ibada ilipokwisha alinivuta kando ya kisima cha maji ya mvua, akauchukua mkono wangu, akauweka chini ya kwapa lake. Naye alikuwa na uvimbe, ila wa kwake uliwahiwa mapema. Ameniruhusu niseme. Yule pale, kwenye sauti ya pili.

Baadaye madaktari bingwa Dar es Salaam walinitengenezea titi jipya kwa nyama ya tumboni kwangu. Somoe alipolitazama, utani ulimrudi wote. “Tumbo nililokuwa nalipanulia sketi kila mwaka, leo limepandishwa cheo!” Halina hisia kama la zamani, na kovu lake ni kama mshono wa fundi anayejifunza. Ningeishi bila hilo; nawajua wanaoishi vizuri bila. Lakini nililitaka, nikalipata, na namshukuru Mungu bila kuona aibu kwamba nililitaka.

Ndugu zangu, mwaminini Bwana. Msimpe masharti. Mkiomba msaada, mkubali uje na mikono ya yeyote atakayemtuma.

Na sasa wa nyuma, geukeni. Somoe amekaa pale karibu na mlango, na futi yake shingoni. Kina mama, anasema amekuja kupima sare za Krismasi.

Yeye msimwamini. Nendeni mkapimwe.