Historia ya Nestory Malimi, Aliyekataza Noti Kuoshwa

Baba Paroko, mwenyekiti wa mtaa, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Buzuruga kumsindikiza kaka yetu, ukoo umeniomba mimi Teodora, mdogo wake, nisome maisha ya marehemu kwa sababu ndiye niliyemfahamu kwa muda mrefu kuliko wote waliobaki, na pia kwa sababu wengine wote walikataa. Naomba mlioko nyuma ya turubai mnyamaze, nitasoma mara moja tu, na miwani yangu imevunjika mkono mmoja.

Marehemu Nestory Malimi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1936 huko Nansio, kisiwani Ukerewe, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Malimi, aliyekuwa na mashua ya kuvusha pamba na abiria kwenda Mwanza, na alibatizwa mwaka huo huo, akalia kanisani tangu mwanzo wa misa hadi mwisho, kwa hiyo anayedhani ubishi wake ulianza uzeeni anajidanganya.

Alisoma shule ya misheni ya Kagunguli hadi darasa la nane, alilolimaliza mwaka 1952, na hapa sina budi kusimama kidogo, maana bila jambo hili hamtaelewa lolote nitakalosoma baadaye. Asubuhi ya tarehe 3 Mei 1949 baba yetu alikuwa akifuta kioo cha kandili kabla ya kuondoka na mashua, kaka akamkumbusha ada ya shule, baba akachomoa noti ya shilingi tano, ile ya zamani yenye kichwa cha mfalme, akampa kwa mkono ule ule wenye masizi na mafuta ya taa, na kidole gumba chake kikabaki pale pembeni mwa noti, mistari yote ikionekana. Mashua ilipinduka siku hiyo hiyo, na ziwa halikumrudisha baba yetu. Mpaka leo ukoo huu hauna kaburi lake wala picha yake, kwa kuwa kijijini kwetu wakati ule hakuna aliyepiga picha watu wa mashua. Kilichobaki kwake duniani kilikuwa hilo doa. Kaka alikataa kabisa kuitoa ile noti kulipia ada, mama akabembeleza, mwalimu akaja nyumbani, mwishowe ikabidi auzwe mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa wangu, jambo ambalo marehemu hakuniomba radhi hadi anakufa.

Mwaka 1955 marehemu alivuka kuja Mwanza akaajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba, akafanya kazi hiyo kwa uaminifu hadi tarehe 30 Juni 1994, pale biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa kila mwenye lori na kiwanda kikapunguza watu. Alipewa barua na kushikwa mkono. Hakukaa nyumbani kulalamika, nampa haki yake, bali aliweka meza karibu na stendi ya hapa Buzuruga akawa fundi wa majiko ya mafuta na taa za karabai, na tangu hapo mikono yake haikutakata tena, hasa kidole gumba cha kulia alichokuwa akisugulia masizi, ambacho wifi yangu alikisugua kwa majivu, kwa ndimu na kwa sabuni ya kila aina asifanikiwe.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Suzana tarehe 20 Aprili 1963, wakajaliwa watoto watatu, Venant, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, Ng'washi, aliyeko Nyegezi na wajukuu, na Precious, kitinda mimba, ambaye bado anasoma. Pamoja na mke, marehemu alipata shemeji, yaani Chenge, kaka yake Suzana, dobi ambaye wengi wenu hapa mmevaa nguo alizozipiga pasi yeye. Shemeji Chenge, usiinamishe kichwa, nasema mambo yalivyokuwa, na zamu ya marehemu kusemwa inakuja pia.

Mwaka 1966 ilipotoka fedha yetu wenyewe na watu wakapanga foleni kubadilisha zile za zamani, kaka hakwenda na noti yake ya mfalme, na badala yake akaanza kukusanya nyingine, za Mjerumani, za mfalme, za malkia, kila iliyoacha kutumika, akiziweka katika sanduku la bati chini ya kitanda. Mkusanyaji wa vitu hivyo anaweza kuwa mtu mwema, sikatai, ila kuishi naye ni adhabu. Ukitaka kuziona ulinawa mikono kwa sabuni, ukaikausha mpaka yeye aridhike, ukashika noti kwenye kingo kwa vidole viwili, bila kulamba kidole kama makonda, na ukikohoa alifunga sanduku. Vumbi aliliondoa kwa brashi laini ya kupakia rangi, akianzia katikati kwenda pembeni pasipo kukandamiza, na palipokuwa na doa aliliacha. Noti iliyojikunja aliilaza kati ya karatasi mbili nyeupe chini ya kitabu kizito kwa wiki nzima, wala hakutaka kusikia habari za pasi, ufutio, selotepu, jua la uani, wala mifuko ya plastiki ya dukani, ambayo alisema hutoka jasho na kunata kwenye wino. Tulipomuuliza kwa nini asizioshe tu, alijibu kwa ile sauti yake ya kuchosha kwamba noti ya kale ikioshwa inalegea na kufifia, na mjuzi akiishika tu anajua, kwa hiyo anayetaka kuisafisha salama aondoe vumbi, kisha aache mikono yake itulie.

Sasa angalieni mtu huyu. Kwa miaka yote hiyo alitufundisha namna ya kushika noti kwenye kona, akamfundisha mkewe, watoto, wapangaji, hata mchungaji wa madhehebu mengine aliyepita kuomba maji, lakini lile jambo moja lililostahili kusemwa, kwamba doa la kwenye noti ya shilingi tano ni kidole cha baba yake, hakumwambia mtu. Tulilijua mimi na mama tu. Suzana aliishi naye tangu mwaka 1963 akidhani ni uchafu.

Mwaka 1995, mambo yakiwa magumu baada ya kazi kuisha na mji ukiwa umejaa maduka ya kubadilishia fedha na wageni wa kila namna, alijitokeza mnunuzi wa noti za kale kutoka Nairobi, naye kaka, kwa shingo upande, akakubali kuuza baadhi ili aezeke upya nyumba hii tuliyoketi mbele yake, isipokuwa ile ya baba. Mgeni alitarajiwa Jumamosi tarehe 9 Septemba. Nyumba ya Mkristo ikitarajia mgeni inafagiliwa, vyombo vinasuguliwa na watoto wanaogeshwa, ndivyo tulivyolelewa, na Suzana alipofungua sanduku akaona zile karatasi kuukuu zenye harufu ya dagaa na jasho la watu waliokwishakufa, aliona aibu. Marehemu alikuwa Nansio kwenye msiba. Suzana akampelekea kaka yake sanduku zima.

Chenge alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hiyo ndiyo inayoniumiza. Aliziloweka kwa sabuni ya unga na magadi, akazisuuza kwa bluu, akazipitisha kwenye maji ya wanga wa muhogo, akazianika kwenye kamba ya uani kwa vibanio, akazipiga pasi ya mkaa moja moja, akakataa malipo, kisha akazileta zimefungwa kwenye gazeti kama mashati ya harusi. Mgeni alizishika, akaziinua kwenye mwanga, akaziweka chini kwa adabu, akamaliza soda yake, akaaga. Kaka, aliyekuwa ameshafika kutoka msibani, akazipekua noti pale mezani, akaitafuta ile ya shilingi tano, akaigeuza upande huu na upande huu. Ilikuwa nyeupe pembeni, safi, mfalme mwenyewe amebaki kivuli. Alimtazama Chenge akasema, "Umemfuta baba," akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakusema naye tena.

Suzana alisamehewa kabla ya Krismasi, ila Chenge hakusamehewa. Wazee wawili wenye wajukuu, nyumba zao zikiwa mtaa mmoja, walipishana njiani kama hawaonani, kaka akawa anapeleka nguo zake kwa dobi wa Nyegezi, nauli juu yake, zinarudi na mikunjo, anazivaa hivyo hivyo kwa ukaidi. Mimi nilipanda meli kutoka Nansio kuja kuwapatanisha, nikiwa na kuku na maneno niliyoyapanga vizuri, kuku akaliwa na maneno yangu yakaachwa. Chenge aliniambia mlangoni kwake, machozi yakimtoka, "Dada Teodora, mimi ni dobi. Nikiletewa kitu kichafu nifanye nini, nikiangalie? Angeniambia hata neno moja tu, ningekifunga kwenye kitambaa nikirudishe." Nikamwendea kaka nikamwambia kosa ni lake aliyenyamaza, akanijibu nisishike sanduku kama sijanawa. Niambieni nyinyi, mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

Mnamo Jumanne tarehe 10 Machi mwaka huu wa 1998, marehemu alianguka mezani kwake stendi, jiko la mteja likiwa mkononi, akakimbizwa hospitali, ambako madaktari walisema ni presha iliyopasua mshipa kichwani. Upande mmoja ulilala na ulimi ukawa mzito, akawa anaelewa kila kitu ila neno halitoki, na Mungu anisamehe, nilikaa pembeni ya kitanda nikawaza kwamba sasa hata kama anataka kumsamehe mtu, atamsameheje.

Jumatano Chenge alikuja kuchukua mashuka akayafue, bila kuitwa, na Alhamisi akayarudisha, akachukua beseni na kitambaa amfute mgonjwa uso na mikono. Mimi nilikuwepo. Kaka hakugeuza uso, aliacha afutwe paji, afutwe mashavu na shingo, lakini kitambaa kilipofika kwenye mkono wake wa kulia, uliokuwa bado na nguvu, alikunja kile kidole gumba cheusi akakificha ndani ya ngumi, akamtazama Chenge. Chenge akasema, "Nimeelewa, shemeji," akaifuta ngumi kwa nje, taratibu, akaupangusa mkono hadi kwenye kiwiko, akaweka kitambaa chini. Kaka akafumbua ngumi mwenyewe, akaulaza mkono wazi juu ya goti la Chenge, na ukabaki pale mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Marehemu alifariki dunia kesho yake, Ijumaa tarehe 13 Machi, saa tatu asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walivyomhangaikia, mafundi wenzake wa stendi waliofunga kazi kwa ajili yake, wafanyakazi wa zamani wa kiwanda waliokuja ingawa kiwanda chenyewe hakikumkumbuka, majirani wa Buzuruga kwa maji, kuni na viti, na akina mama wa jumuiya, ambao nawashukuru kwa dhati kabisa ingawa asubuhi hii nimegombana nao, na sababu nitaieleza sasa hivi ili nisiulizwe tena.

Baada ya sala mtapita kutoa heshima za mwisho. Mtamwona kaka amevaa suti ya kijivu aliyoifua na kuinyoosha Chenge, wala hamtaona mkunjo hata mmoja, na kwenye mfuko wa shati kuna ile noti ya shilingi tano, imelazwa kati ya karatasi mbili nyeupe kama alivyotaka. Mtaona pia kwamba kidole gumba cha mkono wake wa kulia ni cheusi. Akina mama wamenijia na pamba na spiriti, wakaja tena na mafuta ya taa, wakisema ni aibu mtu azikwe hajatakata, nami nimewarudisha wote. Marehemu ameoshwa, ameoshwa na Chenge, mtu anayeweza kutoa doa lolote katika mji huu wa Mwanza, na hilo ameliacha kwa makusudi. Venant na wadogo zako, mkifika hapo simameni mkitazame vizuri hicho kidole, mkariri mistari yake. Mtu asikiguse.

Pumzika kwa amani, kaka Nestory, hivyo hivyo ulivyo.