Perpetua Nthambi na Neno Alilolitilia Sahihi

Tunayemrudisha udongoni leo, Jumamosi tarehe 23 Aprili 1988, ni Perpetua Nthambi Matheka, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha Kyandoa, Mbooni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwania Kyule na Mama Loise Ndinda. Wasifu wake umeandikwa na kusomwa na shemeji yake, Makau, mdogo wa marehemu mumewe. Mengine yaliyomo ni ya aibu kwa anayeyasoma. Yamewekwa kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza.

Nthambi alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwaka 1955 mama yake aliugua, naye akatolewa shuleni kulea wadogo zake. Alitoka na mwandiko mzuri mno, wa herufi zilizolala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na cha kuhesabu hadi mia.

Jumamosi tarehe 17 Desemba 1960 alifunga ndoa na Jeremiah Matheka. Waliokuwepo wanakumbuka kwamba wazee walipoleta pombe ya kubariki harusi, bwana arusi aliomba radhi akaitisha chai, na kwamba wazee walinuna hadi jioni. Matheka hakuonja pombe siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Wawili hao walihamia Nairobi wakapanga chumba Ziwani, na Matheka akaajiriwa Industrial Area, katika kiwanda cha kukata mabati. Walijaliwa watoto wawili, Eunice Nthoki, aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba, na Boniface Mutinda.

Jumanne tarehe 9 Septemba 1975, saa nne asubuhi, mashine ya kukatia mabati ilimnasa Matheka mkono na kumvuta. Alifia mlangoni mwa kiwanda kabla gari halijapatikana.

Siku ya tatu afisa wa wafanyakazi wa kiwanda alifika Ziwani na karatasi iliyopigwa taipu kwa Kiingereza. Alivua kofia, akakaa kitako kwa adabu.

"Pole sana, mama. Hii ni ya kutoa mwili mochari. Tia sahihi hapa chini."

Nthambi alitia sahihi kwa ule mwandiko wake mzuri. Aliachiwa nakala, akaiweka katika mkebe wa biskuti pamoja na cheti cha ndoa. Alichotaka wakati huo ni kumzika mumewe tu.

Mwezi wa Januari 1976 Makau alikwenda kiwandani kuuliza ndugu yake alikufaje. Alitolewa faili, akaonyeshwa karatasi, akaelezwa kwa Kiswahili kwamba mke wa marehemu ameshuhudia mwenyewe kuwa mumewe alikuja kazini amelewa, na kwamba huo ulikuwa mtindo wake. Makau aliutambua mwandiko. Alipanda basi siku hiyo hiyo hadi hapa Mbooni akamweleza mama yake, Bibi Nthoki. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Asikanyage kwangu tena."

Hakuna aliyemweleza Nthambi sababu. Pasaka ya mwaka huo alikuja na watoto. Mama mkwe aliwaingiza watoto, akamwacha yeye nje ya lango na mzigo wake wa unga na sukari. Alikaa juu ya mzigo huo hadi watoto walipotoka. Tangu hapo walikuja peke yao.

Ili kuwasomesha alianza kuuza makoti ya mitumba katika soko la Gikomba. Kila muhula watoto walimletea ripoti za shule azitie sahihi, zimeandikwa Kiingereza, na kila muhula aliona haya. Mwaka 1977, akifungua belo la nguo, alikuta ndani ya koti zito la kike kitabu kinene kisicho na jalada wala ukurasa wa jina. Kilikuwa riwaya ya Waingereza wa zamani, watu wa farasi na barua na urithi. Alikipeleka kwa jirani yake wa mlango wa tatu, Mwalimu Nabiswa, aliyekuwa amestaafu.

"Mwalimu, nataka kusoma hiki."

Nabiswa alikipekua. "Mama Eunice, hiki hata mimi kilinitoa jasho nikiwa chuoni. Tuanze na cha watoto."

"Wanaoandika karatasi hawaandiki za watoto," alisema Nthambi.

Basi walianza. Sheria ya Mwalimu ilikuwa hii. Ukikutana na neno gumu, usikimbilie kamusi. Soma sentensi mara mbili, bahatisha maana, ndipo ufungue kamusi uone umekosea wapi. Kisha ulitumie neno hilo mara tatu kabla ya kulala. Nthambi alinunua daftari, akachora mistari miwili na kupata nafasi tatu kila ukurasa. Katika ya kwanza aliandika neno, ya pili maana yake, na ya tatu jina la mtu anayemjua ambaye neno linamkaa. Kwenye "obstinate", yaani mkaidi, aliandika jina lake mwenyewe. Kwenye "benevolent", mwema wa moyo, aliandika Matheka.

Ukurasa mmoja ulimchukua wiki nzima mwanzoni. Alisoma akisubiri wateja, kitabu kimelala juu ya makoti. Siku moja askari wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, alikuja kumfukuza, naye akamtazama akamwambia kwa utaratibu kwamba ana "countenance" ya "melancholy", maana yake uso wa huzuni. Askari hakuelewa hata neno moja, akadhani ni mama wa mkubwa fulani, akampigia saluti akaenda zake. Vijana wa Ziwani walimwita Mama Dikshonari. "Sasa, mathe! Leo umetuletea gani?" Naye aliwapa, na wengine walipita mtihani wa Kiingereza kwa maneno ya barazani pake.

Jumapili tarehe 21 Oktoba 1979, baada ya ibada, alifika mahali ambapo mtu mmoja wa riwayani anatupwa na farasi, na jirani zake wanasema ni kwa sababu alikuwa "inebriated". Alisoma sentensi mara mbili. Akabahatisha kwamba maana yake ni mgonjwa. Akafungua kamusi, akakuta: amelewa.

Eunice alikuwa akipika. Anasema mama yake alibaki na kidole juu ya kamusi muda mrefu, kisha akauliza, "Hili neno nimeliona wapi?" Hakungoja jibu. Aliteremsha mkebe, akaikunjua karatasi, na kwa mara ya kwanza akaisoma kuanzia juu hadi chini. Ilisema mumewe alikuwa "inebriated" asubuhi ile, kwamba ilikuwa desturi yake, na kwamba yeye, mkewe, anathibitisha. Chini kulikuwa na herufi zake nzuri.

"Mama, ni nini?" aliuliza Eunice.

"Nimemzika baba yako mara ya pili," alisema. Hapo ndipo alipolielewa lile lango la Pasaka.

Kesho yake alimfuata Makau kwenye karakana ya wachonga vinyago alikofanya kazi. Alikuja na karatasi, kamusi na kitabu, akavipanga juu ya magogo mbele ya wachongaji wote.

"Shemeji, niliambiwa ni ya mochari. Neno hili sikulijua hadi jana."

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi nenda. Miaka minne umekaa kimya, leo umejua Kiingereza ndiyo umepata uongo wa kutosha."

Makau aliendelea kuchonga. Nthambi aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akaondoka.

Hakurudi kubishana. Aliandika maelezo yake mwenyewe kwa Kiingereza, kurasa saba, Mwalimu Nabiswa akigusa koma na nukta tu, akayapeleka ofisi ya kazi ya serikali. Aliambiwa arudi. Alirudi mara kumi na tisa. Jumamosi alizunguka mitaa ya Eastlands akitafuta waliokuwa zamu na mumewe. Wengi walimfungia mlango, kwa kuwa riziki yao bado ilitoka kiwandani. Mwishowe alimpata Dirie, aliyekuwa bawabu wa kiwanda, naye akakubali kutoa ushahidi.

Bibi Nthoki alifariki tarehe 2 Februari 1981. Alikufa akiamini mwanawe alikuwa mlevi na mkwewe alimsaliti. Nthambi alihudhuria mazishi akiwa amesimama barabarani.

Shauri lilisikizwa Alhamisi tarehe 11 Juni 1981. Alimtuma Eunice kwa Makau na tarehe iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi, bila neno lingine. Makau alikwenda, akakaa nyuma. Nthambi alikataa mkalimani. Wakili wa kiwanda alimuuliza kwa Kiingereza ilikuwaje akatia sahihi chini ya neno asilolijua, naye akamjibu kwa Kiingereza, "Siku ile sikulijua. Leo ninalijua, ndiyo maana nimekuja."

Kisha Dirie alizungumza Kiswahili, na Makau akamsikia kila neno. "Nilimbeba mimi. Kichwa chake kilikuwa hapa kifuani. Mimi ni Mwislamu, pombe ningeinusa kabla ya mtu yeyote. Alinuka damu na mafuta ya mashine. Na ile mashine kinga yake ilikuwa imeng'olewa wiki mbili, iko nyuma ya stoo."

Mwezi wa Julai ilikuja barua ya mistari mitatu. Karatasi ile iliondolewa kwenye faili kwa kuwa aliyeitia sahihi hakuelewa yaliyomo. Kifo kiliandikwa ajali. Juu ya kinga, ilisemwa imekwisha kurudishwa. Hakuna aliyeulizwa zaidi.

Siku ile ya shauri, kwenye ngazi, Makau alimwambia, "Shemeji, nilimpelekea mama uongo."

"Ulimpelekea ulichosomewa," alisema Nthambi. "Lakini hukuniuliza." Akashuka ngazi.

Miaka mitatu walisalimiana kanisani tu, basi. Agosti 1984 waposaji wa Eunice walipokuja, Nthambi alimwita Makau. "Mtoto hana baba. Njoo ukae kwenye kiti cha Matheka." Siku hiyo Makau alikula kwake kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ugonjwa wa sukari ulimshika Nthambi mwaka 1982. Mwaka 1986 macho yalififia, na Novemba 1987 alikatwa mguu wa kulia. Makau alikwenda kila Jumamosi mchana kumsomea ile riwaya. Makau hajui Kiingereza cha maana, kwa hiyo alikuwa akitaja herufi, naye Nthambi, macho ameyafumba, anataja neno na maana yake. Siku moja Makau aliona jina lake daftarini kando ya "taciturn", akauliza ni nini. "Ni mtu anayenyamaza hata pale anapopaswa kuuliza," alijibu, na Makau akarudi kwenye herufi. Walimaliza kitabu Februari mwaka huu. Alisema kingeweza kuwa kifupi.

Figo zilipokataa kufanya kazi alilazwa, na akaaga dunia Jumapili tarehe 17 Aprili 1988, saa nne asubuhi, Eunice amemshika mkono.

Ameacha watoto wawili, Eunice Nthoki na Boniface Mutinda, mkwe mmoja, wajukuu wawili, ndugu wanne, Mwalimu Nabiswa, na shemeji mmoja.

Alhamisi kabla ya kufa alimwambia Makau, "Wewe ndiye utakayesoma. Usitie Kiingereza kingi. Utakuwa karibu na kaburi la mama, soma kwa sauti." Kaburi la Bibi Nthoki liko hatua sita kutoka hapa. Basi isikike. Jeremiah Matheka hakuwa amelewa. Mke wake hakusema kwamba alikuwa amelewa. Mama, aliyekwambia hivyo ni mimi.

Nthambi apumzike sasa, kando ya mumewe.