Nafasi Ipo: Maisha ya Mama Kandambili, 1957–2024

Mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kandambili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba wa mwashi na mshonaji. Alisoma hadi darasa la saba. Alitamani kuendelea, lakini wadogo zake watano walihitaji wa kuwaangalia, akabaki nyumbani. Kulea alianzia hapo na hakuacha tena.

Mwaka 1978 aliajiriwa kufua nguo za wodi ya watoto hospitalini. Mwaka uliofuata alipeleka viatu kwa fundi mmoja kijana, naye akamrudishia kimoja tu. "Cha pili njoo kesho," alimwambia. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1979. Baba alitamba hadi alipotutoka, mwaka 2011, kwamba mke alimpata kwa kiatu kimoja.

Mwaka 2000 Mama alifungua kituo cha kulelea watoto sebuleni kwake. Kila mtoto alivua viatu mlangoni akavaa kandambili zake, na ndani yake Mama aliandika kwa kalamu ya wino namba ya simu ya mzazi. Daftari la mahudhurio hakuwa nalo. "La nini? Miguu haidanganyi," alisema. Tuseme ukweli, alikuwa mbishi.

Ubishi huo nusura umponze. Mwaka 2020, ugonjwa ulipofunga kila kitu, serikali ilitangaza ruzuku kwa vituo ambavyo vingewatunzia watoto nafasi zao na kuendelea kuwalipa walezi. Mama alikuwa na walezi wawili, mmoja wao mjane, na akiba ilishakauka. Mimi, mwanawe wa kwanza, nilimsihi afunge kituo moja kwa moja. "Nikifunga, hawa wanangu waende wapi?" akaniuliza.

Ofisa alipokuja kukagua alikuta sebule tupu, daftari hakuna. Alishaanza kuandika kwamba kituo kimefungwa, Mama akamvuta hadi kwenye rafu. Jozi ishirini na tatu, zimeoshwa, kila moja mahali pake. "Namba hizo hapo, baba. Piga." Ofisa akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni, akapiga zote. Kila mzazi aliulizwa kama mwanawe bado ana nafasi. "Ipo," walijibu. "Mama anatupigia kila Jumatatu kutukumbusha." Ruzuku ikatoka, walezi wakalipwa miezi yote sita. Watoto waliporudi, jozi kumi na tisa ziliwabana.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki Jumapili mchana, tarehe 9 Juni 2024, akiwa na miaka 67. Ameacha watoto wanne, wajukuu saba, walezi wale wale wawili, na watoto ishirini na sita wa kituo.

Juzi niliosha kandambili za rafuni kama alivyozoea. Zake zilikuwa safu ya chini kabisa. Ndani yake nilikuta namba yangu, mimi niliyemwambia afunge.

Mama, Jumatatu tunafungua. Pumzika kwa amani. Nafasi yako ipo.